NANI ALIMCHELEWESHA MZAZI? Historia ya ukunga katika ardhi yetu ya Simiyu



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, Ijumaa iliyopita baada ya swala alinifuata kijana mmoja hapa msikitini kwetu Bariadi. Mkewe ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Akaniambia: "Shehe, pale kituo cha afya cha kwetu zamu ya usiku anakaa nesi mwanamume. Mimi mke wangu hazalishwi na mwanamume. Nimeshaongea na bibi mmoja mtaani, atamzalishia nyumbani. Naomba dua yako tu."

Nikamwambia, kijana wangu, dua nitakuombea, lakini jibu lako ni refu na linaanzia mbali. Nipe siku chache niliandike, maana najua hauko peke yako. Wapo wengi wanaolisema hili vibarazani na wengine hawalisemi, wanalitenda kimyakimya. Basi hili ndilo jibu. Mwenye haraka aliweke, alisome usiku akitulia.

Nianze na nyumba yetu, nisije nikaonekana naikosoa nyumba ya mtu.

Mwaka 1982 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, nasoma madrasa. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa ameolewa kijijini upande wa Itilima ya sasa. Wakati huo sote tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Uchungu ulimshika Jumatano jioni. Alhamisi nzima mtoto hakutoka. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa maji na kuni, na tulikuwa tunasikia. Alhamisi usiku wakaingia kinamama wazima watatu, na baadaye nikaja kujua walichoingia kumwuliza. Walimwuliza: taja mwanamume mwingine. Maana ilikuwa inaaminika kwamba uchungu ukikawia, mwanamke ana siri ya zinaa, na mtoto hatoki mpaka siri itoke. Shangazi yangu aliapa kwa Mwenyezi Mungu. Wakamwuliza tena. Ijumaa asubuhi mumewe akakubali apelekwe, likatafutwa gari la ng'ombe, ng'ombe wakawa wako malishoni. Ilipofika adhuhuri akafungiwa kwenye gari. Hakufika. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Zahanati ilikuwepo. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Ilikuwa mbali, lakini haikuwa mbali kwa siku mbili.

Tuirudie historia sasa, maana bila historia tutamlaumu asiyehusika.

Wasukuma ni watu wanaoyajua mambo ya uzazi kwa undani, na ushahidi upo kwenye majina yetu. Ukikutana na Kulwa na Doto unajua ni mapacha na nani alitangulia. Ukikutana na Shija unajua amewafuata mapacha. Mabula na Kabula walikuja na mvua. Jina la mtu ni taarifa ya siku aliyozaliwa, na aliyeitunza taarifa hiyo mara nyingi alikuwa bibi aliyempokea. Mabibi hawa sitaki mtu awadharau mbele yangu. Walijua kumtuliza mzazi, kumkanda, kukaa naye usiku kucha bila kudai senti, kumpikia uji na kumfunga tumbo. Wengi wetu tuliofika umri huu tulipokelewa na mikono yao. Uzazi ukienda vizuri, na uzazi mwingi unaenda vizuri, bibi anatosha.

Ila kuna mambo mawili matatu ambayo mkono wa bibi hauyawezi, hata awe na hekima kiasi gani. Damu ikianza kumwagika baada ya mtoto kutoka, mzazi anaweza kufa ndani ya masaa mawili. Mtoto akikwama, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Na presha ikipanda mpaka ikaleta kifafa cha mimba, hakuna mzizi unaokizuia. Zipo dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, nazo mara nyingine hufanya kazi kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo: zinasukuma bila kipimo mtoto ambaye njia haimtoshi.

Na lile la kumwuliza mzazi ataje mwanamume, nisemeje? Qur'ani katika Suratun-Nur aya ya 4 imeweka adhabu ya viboko themanini kwa anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne. Tena Bibi Maryam (amani iwe juu yake), uchungu ulimfikisha kwenye shina la mtende akiwa peke yake, mpaka akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Someni Surat Maryam kuanzia aya ya 23. Mola wake alimwuliza swali gani? Hakumwuliza lolote. Alimpa maji chini yake, akampa tende, akamwambia asihuzunike. Watu ndio waliokuja na tuhuma. Shangazi yangu alipewa tuhuma na hakupewa maji.

Wapo wanaodhani ukunga wa kusomea ni jambo la kizungu lililoletwa na misheni, na kwamba dini yetu haina habari nalo. Huku ni kutojua. Katika sira anatajwa Salma, mke wa Abu Rafi', kuwa ndiye aliyempokea Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.). Yaani mkunga anajulikana kwa jina, na kazi yake imeandikwa. Miaka mia nne baadaye, kule Cordoba, Hispania ya Waislamu, tabibu Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba, na ndani yake akaweka mlango wa kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mzazi mtoto anapokaa vibaya, pamoja na michoro ya vyombo. Kisha akaja Ibn Khaldun wa Tunis, aliyefariki 1406, ambaye wengi wanamjua kwa mambo ya dola na ukoo. Katika Muqaddima yake ametenga sehemu nzima kueleza kazi ya ukunga, na ameihesabu kuwa ni kazi ambayo miji ya watu haiwezi kuendelea bila hiyo. Ni jambo la wazi, lakini tumelisahau. Kitu ambacho jamii haiwezi kuishi bila hicho, sheria yetu inakiita fardhi kifaya. Wakikifanya baadhi, wengine wameokoka. Wote wakikiacha, sote tuna dhambi. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Sasa huku kwetu. Usukumani tiba ya kisasa ililetwa zaidi na wamisionari kuliko serikali. Kolandoto, karibu na Shinyanga mjini, African Inland Mission walianza mwaka 1913, kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na hospitali ile ipo mpaka leo na inasomesha wauguzi. Waingereza walipoichukua Tanganyika, huduma ya mama na mtoto kwa sehemu kubwa waliiacha mikononi mwa misheni. Serikali yao, kupitia tawala za wenyeji, ilifungua vituo vidogo vijijini miaka ya 1920, vikiendeshwa na wale walioitwa madresa, wafunga vidonda. Walikuwa wanaume, kazi yao vidonda na sindano za buba. Mama mwenye uchungu pale hakuwa na lake. Wazee wetu Waislamu, kwa upande wao, waliiogopa misheni kwa sababu za dini, na nawaelewa, kwani palikuwa na mahubiri pamoja na dawa. Kwa hiyo Muislamu wa Usukumani alibaki katikati: kwa misheni hataki kwenda, kwa serikali hakuna mkunga. Akabaki na bibi. Wala hakuwa amelichagua hilo kwa dini.

Tukapata uhuru 1961 nchi ikiwa na madaktari wazalendo wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1964 ikatoka taarifa ya kamati ya Profesa Titmuss kutoka Uingereza, iliyoshauri nchi ielekeze nguvu kwenye vituo vya afya vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Azimio la Arusha la 1967 likaipa fikra hiyo nguvu ya kisiasa. Ndipo tukaona zahanati na vituo vya afya vinaota. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 wakaanza kufundishwa wasichana waliomaliza darasa la saba, kozi ya kama mwaka mmoja na nusu, wakawa wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Hawa ndio walioleta kliniki: kupima mimba, kadi, chanjo, mizani ya kuning'iniza mtoto kwenye mti. Mama yangu alikuwa anaitunza kadi ya mdogo wangu pamoja na kitambulisho cha TANU, kwenye mfuko mmoja wa plastiki.

Wakati huohuo ikaja Operesheni Vijiji, iliyotufikia Shinyanga 1974. Wasukuma walikuwa wamezoea kukaa mbalimbali, kila mtu na ng'ombe wake na shamba lake. Wakahamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zikabomolewa. Machungu ya operesheni ile wazee wanayo mpaka leo na sitayapaka rangi. Lakini kwa upande wa mama mjamzito ilimsogezea zahanati. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja.

Basi kama mwaka 1982 zahanati ipo, mhudumu yupo, kwa nini shangazi alikufa?

Jibu la swali hili nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, kwenye semina ya viongozi wa dini mjini hapa. Mtaalamu akatueleza kwamba mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba vifo vya wazazi vinatokana na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilikuwa nimekaa nyuma. Niliposikia hayo nilitoka nje, nikasimama kwenye mwarobaini, maana nilimwona shangazi yangu mbele ya macho. Ucheleweshaji wa kwanza: Jumatano jioni mpaka Ijumaa asubuhi. Siku moja na nusu, na uamuzi ulikuwa kwa wanaume waliokaa nje. Wa pili: ng'ombe wako malishoni. Wa tatu hakuufikia.

Tuseme ukweli. Barabara ni ya serikali. Dawa ni za serikali. Lakini ule ucheleweshaji wa kwanza ni wetu, kina baba, na mara nyingi tumeuvika kanzu ya dini.

Nami nimeuvika. Nisikilizeni.

Mwaka 1998, nikiwa ustadhi kijana mwenye sifa ya kusoma kombe, niliitwa usiku kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa. Uso na miguu vimemvimba, analalamika kichwa, kisha akaanza kukakamaa na kutoa povu. Nyumba nzima ikasema: jini. Na mimi nikasema jini. Nikasoma, nikaandika kombe kwa zafarani, akanyweshwa kidogo kidogo kati ya kifafa na kifafa. Masaa manne nilisoma. Alfajiri dereva mmoja wa lori la pamba akakubali kumchukua, akafikishwa kituo cha afya. Mama alipona kwa uwezo wa Allah. Mtoto alikuwa ameshakufa.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, Mkristo, alinikuta nimekaa kwenye benchi. Akaniambia taratibu, bila ukali: "Shehe, hiki ni kifafa cha mimba, ni presha, kina sindano yake. Wewe ungemleta kwanza, halafu ukaja kusoma hapa hapa kitandani. Nani angekukataza?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Sijaacha kuamini ruqya, ruqya ni sunna. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na aliyefunga ngamia ndiye anayetawakali. Mimi usiku ule sikumfunga ngamia. Mwanamke mjamzito akivimba uso, kichwa kikamuuma sana, macho yakawa na giza, huo ni mwito wa kituo cha afya saa hiyo hiyo, na shehe atafuata nyuma na msahafu wake. Wenzangu wasomaji, wallahi tutaulizwa.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1987 dunia nzima ilikutana Nairobi, jirani zetu hapa, ikazindua juhudi za uzazi salama, baada ya kutambua kwamba vifo vya wazazi vilikuwa havizungumzwi. Wakati huo wazo lilikuwa kuwafundisha wakunga wa jadi na kuwapa vifaa: wembe mpya, sabuni, uzi wa kufungia kitovu. Hata kwetu baadhi ya mabibi walipewa mafunzo. Baadaye mashirika ya dunia yakageuka, yakasema mkunga wa jadi hata akifundishwa hazuii vifo vile vikubwa, lazima mzazi awe na mtaalamu. Mabibi wengine waliumia: jana tumeitwa, leo tumekatazwa. Naona walikosewa heshima. Pahala palipofanikiwa ni pale bibi alipogeuzwa kuwa msindikizaji, yaani anamleta mzazi kituoni, anakaa naye, anamshika mkono. Kazi yake ya zamani ile ile, isipokuwa ya kukata na kushona.

Na kuna kisa kimoja cha nchi hii ambacho kila anayesema "sisi masikini tutafanya nini" akisikilize. Hospitali ya mkoa wa Kigoma, mwaka 1984, ilikuwa inapoteza kina mama 933 kwa hesabu ya kila watoto hai 100,000. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake wakakaa wakachunguza kifo kimoja kimoja: huyu alikufa kwa nini, nani hakuwepo, nini kilikosekana. Kisha wakapanga hatua ishirini na mbili, na karibu zote zilitegemea watu na vitu vilivyokuwepo hapo hapo Kigoma. Hawakusubiri meli kutoka Ulaya. Kufikia 1991 hesabu ilikuwa imeshuka mpaka 186. Daktari Mbaruku alifariki mwaka 2018. Sisi tunapenda visa vya mashujaa wa mbali. Huyu alikuwa Kigoma, treni inafika.

Kwa nchi nzima haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwachangisha watu gharama za matibabu. Wajawazito walisamehewa kwenye karatasi, lakini kila mama wa miaka ile anajua aliambiwa aje na nini: glovu, wembe, mpira wa kutandika, mabeseni. Asiye navyo akaona haya kwenda. Tafiti za kitaifa zilionyesha vifo 529 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1996, vikawa 578 mwaka 2004/05, 454 mwaka 2010, kisha vikapanda tena 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Yaani karibu miaka ishirini tukizunguka pale pale.

Ndani ya miaka hiyo ukaja mpango wa MMAM, 2007 mpaka 2017, wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mkoa wetu wa Simiyu ukazaliwa 2012, ukiwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Sensa ya 2022 imetukuta tumepita milioni mbili. Kuzaa tunazaa, alhamdulillah. Kuanzia 2017 vituo vya afya vingi nchini vikajengewa vyumba vya upasuaji, ili mama wa kata asisafirishwe mpaka wilayani ndipo apasuliwe. Hospitali ya rufaa ya mkoa ikajengwa Nyaumata. Ikaja pia m-mama, iliyoanzia Sengerema na Shinyanga kisha ikazinduliwa kitaifa Aprili 2022: mama akipata dharura, inapigwa namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, analipwa na mfumo. Ule ucheleweshaji wa pili, wa ng'ombe kuwa malishoni, umepata dawa.

Utafiti wa 2022 ulileta hesabu ya 104 kutoka 556. Na wanaojifungulia vituoni nchi nzima walifika asilimia 81, kutoka 63 ya 2015/16. Watu wa hesabu wanajadiliana namna ya kulinganisha tafiti hizi, hiyo ni kazi yao. Mimi nahesabu majeneza. Nimekuwa imamu zaidi ya miaka ishirini, na swala za jeneza za wazazi nilizokuwa naswalisha zamani na ninazoswalisha sasa si sawa. Lakini hazijaisha. Na nyingi kati ya zilizobaki, ukiuliza vizuri, unaambiwa: alianzia nyumbani.

Sasa kijana wangu wa Ijumaa, nakuja kwako.

Haya yako kwa mkeo ni ghera, na ghera ni katika imani. Sikudharau. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelipanga jambo hili kwa daraja: mwanamke Muislamu atangulie, asipopatikana, mwanamke asiye Muislamu, asipopatikana, hapo mwanamume anaruhusiwa kwa dharura, pawepo mume au maharimu, na kisifunuliwe zaidi ya kinachohitajika. Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), akiwatibu wanaume waliojeruhiwa vita vya Khandaq. Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh amesimulia kwamba wanawake walikuwa wanawahudumia majeruhi vitani. Wanazuoni wakachukua humo hukumu kwamba haja ya tiba inaruhusu. Kwa hiyo unayo haki ya kwenda kituoni mapema, uongee na mganga mfawidhi kwa adabu, uulize zamu, uombe muuguzi mwanamke akiwepo, uombe uruhusiwe kukaa na mkeo. Hayo ni maombi ya kawaida, na mara nyingi yanasikilizwa. Ila ikifika saa nane za usiku na aliyepo ni yule kaka peke yake, aliyesomea uuguzi na ukunga, anayejua kuzuia damu, basi huyo ndiye sababu aliyokuwekea Allah.

Na wewe unayelaumu kwamba nesi ni mwanamume, mna mabinti wangapi katika ukoo wenu? Wangapi mmewapeleka chuo cha uuguzi? Nimeuliza swali hili darasani kwangu, wanaume arobaini na kitu wamekaa, nikahesabu mikono miwili. Binti akifaulu sayansi tunamwozesha, halafu usiku wa uchungu tunamtafuta mkunga wa Kiislamu. Atoke wapi? Ndiyo ile fardhi kifaya niliyowaambia mkumbuke.

Mwisho nakupa kisa ambacho wanahistoria wetu wamekihifadhi, akiwemo Ibn Kathir. Sayyidna Umar (Radhiya Allahu anhu), akiwa khalifa, alikuwa akizunguka usiku pembezoni mwa Madina. Akaona hema ambalo jana yake halikuwepo, mwanamume amekaa nje, ndani kuna sauti ya mwanamke anayeugua. Akauliza. Mkewe yuko kwenye uchungu, na hana mtu. Umar hakumhubiria. Alirudi mbio nyumbani kwa mkewe, Ummu Kulthum binti Ali, akamwambia kuna thawabu Allah amekuletea. Bibi akachukua nguo na mafuta ya mzazi, Umar akabeba unga na samli mgongoni kwake, wakaenda. Bibi akaingia ndani. Umar akabaki nje na yule mwanamume, akawasha moto, akapika. Mpaka sauti ikatoka ndani ikimwambia Amiri wa Waumini ampe mwenzake bishara ya mtoto wa kiume. Yule bwana akashtuka, hakuwa anajua muda wote aliyekuwa anachochea moto ni nani.

Unaona kila mtu alikuwa wapi? Mwenye ujuzi aliingia ndani. Mwanamume alibaki nje, lakini hakukaa bure, na hakuchukua hata dakika moja kutafakari kama aende ama asiende.

Kijana, mkeo ana wiki kama nne. Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana barazani msikitini, sisi na madereva wawili wa bajaji wa jamaa zetu, kupanga zamu za usiku za kusafirisha wazazi wa mtaa huu, Waislamu na wasio Waislamu. Mafuta tunachanga. Namba ya kila dereva, pamoja na 115, itaandikwa ubaoni pale penye ratiba ya swala. Njoo na yule bibi uliyeongea naye, nimeshamtumia salamu. Nataka awe wa kwanza kupanda bajaji siku hiyo, akae na mkeo kituoni, amshike mkono.

Wallaahu a'lam.